Jeki na stendi za kunyanyulia gari nyumbani: nilichonunua Kariakoo na nilichokirudisha dukani

Wadau, siku hizi naona watu wengi wanajifanyia sevisi wenyewe nyumbani, oil, brekipedi, stabilaiza linki, wengine wanafika mpaka kwenye shokapu, na mi naunga mkono kabisa maana gari unaijua mwenyewe na hela ya ufundi inabaki mfukoni. Kinachoniumiza roho ni namna tunavyozinyanyua. Unapita mtaani unakuta IST imebebwa na jeki moja, ile ya kuzungusha iliyokuja na gari, pembeni kuna tofali, na miguu ya mtu imetokeza chini ya injini. Gari ndogo kama ile inakaribia tani nzima na uzito mwingi uko mbele kwenye injini na gia boksi, hapohapo alipolala yeye. Kwahiyo hii riviu nimeiandika ndefu makusudi, ni ya vitu ninavyotumia kwenye IST ya nyumbani na Noah ya shemeji, pamoja na vile nilivyovishika dukani nikaviacha.

Niseme mapema, kama bajeti haitoshi vyote anza na stendi. Jeki kazi yake ni kupandisha na kushusha, kinachobeba gari wakati wewe uko chini ni stendi. Kuna watu wamenunua jeki kubwa ya tani tatu inang'aa, ya bei, alafu stendi hawana, ukiwauliza wanasema hii jeki ni imara haishuki. Jeki ya mafuta imesimama kwa sababu kuna mafuta yamefungiwa ndani, pampu ndogo inayasukuma kwenye silinda kubwa na ndo maana mkono wako mmoja unanyanyua gari, sasa kinachoyazuia yasirudi ni vali ndogo na sili za mpira basi. Sili ikichanika, kipande cha uchafu kikikaa kwenye vali, mtoto akichezea mpini ukazunguka kidogo, gari inashuka na haikupi taarifa. Stendi haina mafuta wala sili, ni chuma kimekalia chuma.

Stendi nilizochukua ni jozi ya tani tatu, za kawaida tu, miguu minne ya bati nene na nguzo yenye meno katikati, nililipa 95,000 baada ya kupatana. Zilikuwepo za tani mbili rahisi zaidi nikaziacha. Sio kwamba IST inahitaji tani tatu, hapana, uzito wake stendi za tani mbili zinauweza vizuri tu, ila za tani tatu zina kitako kipana na nguzo nene, na kitako kipana ndo kinazuia kuyumba pale unapokazana na nati iliyoshika kutu. Alafu soma stika vizuri, kuna stendi ambazo ule uzito ulioandikwa ni wa zote mbili kwa pamoja na kuna ambazo ni wa kila moja peke yake, muuzaji mara nyingi hajui na hatasema hajui.

Dukani usikubali kuuziwa boksi lililofungwa. Kijana aliyenihudumia alikuwa mstaarabu tu, nikamwambia kaka naomba tuzifungue zote mbili, akaniambia "boss hizo zote kiwanda kimoja, utaangalia nini?" lakini akafungua. Nikainua nguzo polepole nikawa nasikiliza kila jino linavyoingia, alafu nikainama nikaangalia kwa pembeni kile kidole cha chuma kinachoshika meno kimezama kiasi gani. Kwenye ya kwanza kilizama mpaka chini kabisa kati ya meno. Kwenye ya pili kilikaa kwenye ncha ya jino, ukibonyeza nguzo kwa kiganja kinateleza kidogo ndo kinaingia. Hiyo nikairudisha, akatoa nyingine kwenye boksi jingine nikaikagua nayo ikawa sawa. Geuza stendi miguu juu pia uangalie weldi kwa ndani, weldi nzuri imeyeyuka ikashika vyuma vyote viwili mfululizo, mbaya utaona ina vitundu au imeganda upande mmoja tu na upande wa pili unaona mwanya. Rangi isikudanganye, rangi nyekundu inayong'aa inaficha mengi, pitisha kidole.

Haya ya meno na weldi siyatoi hewani. Mwaka 2020 huko Marekani maduka ya Harbor Freight yaliita zirudishwe stendi za Pittsburgh za tani 3 na tani 6, zaidi ya milioni moja, kwa sababu kwenye baadhi meno na kile kidole havikuwa vinashikana kwa kina cha kutosha na gari ikisukumwa kidogo stendi ingeweza kuachia ghafla. Mwaka huohuo, miezi michache tu baadae, stendi za tani 3 zilizokuwa zinatolewa kama mbadala nazo baadhi zikaitwa zirudi kwa tatizo la weldi. Hiyo ni nchi yenye mamlaka ya kufuatilia kila namba ya bidhaa. Kwahiyo ukikutana na stendi za mtumba zenye jina hilo, tafuta namba ya bidhaa kwenye stika ulinganishe na zile zilizoitwa kabla hujatoa hela, na kwa stendi nyingine yoyote tumia macho yako na vidole vyako.

Kwa sababu hiyohiyo nilitaka zenye pini ya ziada. Yani meno yanashika kama kawaida, alafu kuna tundu linapita kwenye nguzo na kwenye mwili wa stendi, unachomeka pini nene ya chuma ikiwa na mnyororo mdogo isipotee. Hata kidole kikiachia, nguzo inakalia pini. Tofauti ya bei kati ya zenye pini na zisizo na pini ilikuwa ndogo sana. Zipo pia za pini tupu zisizo na meno kabisa, hizo mimi nazipenda kwa usalama, tatizo matundu yake yamepishana mbali kwahiyo urefu unaoutaka unaweza usiupate.

Sasa kuhusu matofali, maana ndo stendi ya taifa. Tofali la saruji linabeba uzito mkubwa ukiwa umesambaa kama kwenye ukuta, lakini chini ya gari uzito wote unakuja kwenye kipande kidogo cha chuma, na tofali likichoka halipindi wala halilii, linapasuka mara moja. Yale yenye matundu ndo usiyaguse kabisa. Kama hela ya stendi bado, nenda kwa mafundi seremala uombe vipande vya mbao ngumu, mninga au mkongo, vinene, vilivyokatwa sawasawa, uvipange kwa kupishana safu kwa safu mpaka ufike urefu unaoutaka. Mbao ikizidiwa inabonyea na kulia kwanza, unapata nafasi ya kutoka. Ni nzito kubeba na inachukua nafasi kwenye stoo ila kwa uthabiti mimi naiamini kuliko stendi mbovu. Stendi za kuchomelea za mafundi wa mtaa wa Gerezani, hapo jirani na Kariakoo, nazo nimeziona, wengine wanachomelea vizuri kweli, lakini hakuna aliyezipima kwa uzito na mimi sikununua.

Tuje kwenye jeki. Zipo aina tatu ambazo utakutana nazo kila duka, ile ya mkasi ya kuzungusha, ya chupa, na ya troli yenye magurudumu ya chuma.

Ya mkasi iliyokuja na gari ni ya pancha barabarani, kitako chake kidogo, inayumba, lakini ina uzuri wake, kile kichwa chake kimetengenezwa kukaa sawa na ule ukingo wa bati ulio chini ya milango ya gari yako. Kama ndo unayo na umepata stendi, inatosha kuanzia, unapandisha taratibu, unaweka stendi, unashusha juu ya stendi. Paka grisi kwenye skrubu yake maana nyingi zimekaa buti miaka zikiwa kavu na zinazunguka kwa shida.

Ya chupa ina nguvu kwa bei ndogo na ndo maana madereva wa Hiace na malori hawaachani nayo, unaiweka chini ya ekseli inanyanyua bila shida. Kwenye gari ndogo ndo inakataa. Kwanza ikiwa imelala chini kabisa bado ina urefu wa sentimita 18 hivi au zaidi, na IST yangu nikipima kutoka chini mpaka kwenye ukingo ni sentimita 18 tairi zikiwa na upepo, ikipata pancha haiingii. Pili kichwa chake ni kidogo na ni chuma kitupu, ukikiweka kwenye ukingo wa bati kinapinda ukingo au kinateleza. Kwa Prado au Land Cruiser yenye chesisi ni jeki nzuri kabisa. Kwa Vitz, IST, Passo, achana nayo. Na isilazwe, nyingi zinafanya kazi zikiwa wima tu.

Ya troli ndo niliyonunua, na hapa ndo watu wanapigwa zaidi. Kuna ile ndogo ya tani mbili inayokuja kwenye kiboksi cha plastiki, haifiki kilo kumi, unaibeba mkono mmoja, bei iko chini, kila mtu anaipenda. Inaanzia sentimita 13 na nusu hivi na kuishia 33 au 34. Kwa IST inajitahidi. Kwa Noah ndo utaona tatizo lake, unapiga pampu mwili wa gari unapanda lakini springi zinajinyoosha na tairi inabaki imegusa chini, unafika mwisho wa jeki tairi bado haijaachana na ardhi vizuri. Hapo ndo mtu anaweka kipande cha tofali juu ya jeki ili apate urefu. Nawaomba sana hilo msifanye, mzigo uliokaa juu ya kitu kilichokaa juu ya kitu kingine hauna kinachoushika, ukisogea kidogo pembeni unaruka.

Nikachukua ya tani tatu ya chuma, inaanzia sentimita 14 na kufika 46, ina kilo thelathini na kitu, kuihamisha ni kazi na mgongo utakukumbusha, lakini kitako kirefu, magurudumu mapana, na mpini mrefu unaokufanya upige pampu ukiwa umesimama mbali na gari. Zile za aluminiamu ni nyepesi na zinaingia chini zaidi, kuna zinazoanzia sentimita 8 hivi, kama gari yako umeishusha au ina bampa la chini fikiria hizo, ila bei imechangamka. Majina utakayokutana nayo Kariakoo ni Ingco, Total, Tolsen na mengine mengi yasiyo na jina la maana, na kwa maoni yangu pima kwanza urefu wa chini na wa juu ndo uanze kubishana kuhusu majina. Nenda na futi yako. Maboksi mengine yanasema hiki na chuma chenyewe kinasema kile.

Kitu kilichonifanya nichague niliyoichagua kuliko jirani yake iliyokuwa rahisi ni namna inavyoshuka. Nilimwomba muuzaji anyanyulie kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, kilichokuwa kimepaki nje ya duka, mwenye nacho hakukataa, alikuwepo pale pale anasubiri mzigo. Jeki ya kwanza ukizungusha mpini robo tu gari inadondoka puu, hakuna katikati. Ya pili unazungusha inaanza kushuka taratibu, unarudisha inasimama, unaendelea. Hilo ni la maana sana kwa sababu kushusha gari juu ya stendi ndo wakati hatari kuliko wote, unataka uone kichwa cha stendi kinagusa wapi kabla uzito haujakaa, na kama kimekaa vibaya uweze kurudisha juu.

Sasa kuna swali ambalo hakuna muuzaji aliyenijibu na ndo linalowasumbua wengi wakishanunua. Gari nyingi ndogo zina sehemu nne za kunyanyulia, ni ule ukingo wa bati uliosimama chini ya milango, kati ya vikato viwili vidogo, nyuma kidogo ya tairi ya mbele na mbele kidogo ya tairi ya nyuma. Hapo bati ni la mikunjo zaidi ya mmoja na limeimarishwa. Sasa jeki ikikaa hapo, stendi inakaa wapi? Watu wanasogeza stendi popote panapopatikana, kwenye sakafu ya gari, kwenye mkono wa sasipensheni, na hapo ndo unasikia bati linalia kruu na sakafu imebonyea.

Jibu ni kunyanyulia sehemu nyingine na kuwekea stendi pale kwenye vikato. Gari nyingi za Toyota zinazovuta mbele zina krosmemba, ule mhimili wa chuma unaopita chini mbele, na kitabu cha gari kinaonyesha kama jeki ya troli inaruhusiwa kukaa katikati yake. Najua vitabu vyetu vingi vimekuja na magari kutoka Japani na vimeandikwa Kijapani, lakini fungua ukurasa wenye picha ya jeki, michoro inaeleweka bila kusoma neno hata moja. Ukinyanyua hapo katikati, mbele yote inapanda kwa pamoja, unaweka stendi kushoto na kulia kwenye vikato, unashusha. Ila ingia na tochi kwanza, sampu ya oil (lile bakuli la oil chini ya injini) na gia boksi viko hapohapo karibu na kwenye kiza vyote vinaonekana chuma tu, sampu ikibebeshwa gari inabonyea au inapasuka na gia boksi ya CVT hali kadhalika. Ile plastiki ya chini nayo sio sehemu ya jeki. Nyuma usiweke jeki katikati ya ule mhimili wa nyuma wa IST kwa kukisia, kama kitabu hakijaonyesha nyanyua upande mmoja mmoja.

Ukilazimika kunyanyua upande mmoja, jeki ya troli sahani yake ni pana, mi naiweka mwisho kabisa wa ile sehemu iliyoimarishwa, ndani bado ya vikato, na stendi inaingia kwa kubanana pembeni yake. Inawezekana ila uwe mvumilivu na usogeze stendi kwa kuishika miguu yake ya chini, kamwe usipitishe mkono juu ya kichwa chake.

Alafu huo ukingo unahitaji raba. Sahani ya jeki ni chuma, ukingo ni bati, ukigusanisha rangi inatoka na kwa hewa yetu ya chumvi kutu inaanza palepale. Zinauzwa raba za duara zenye mfereji katikati, ukingo unaingia kwenye mfereji na uzito unakaa kwenye mabega mawili ya pembeni. Za dukani nilizoziona zilikuwa laini mno, nikaenda kwa fundi wa makatambuga akanikatia kwenye tairi la lori, akachonga mfereji wenye kina kuzidi kidogo urefu wa ukingo. Kina ndo muhimu, ukiwa mfupi ncha ya ukingo inabeba gari yote na inajikunja. Kwenye stendi nazo naweka hivyohivyo, kichwa cha stendi zangu kina umbo la pembe mbili na bila raba ukingo unaelea katikati.

Sakafu. Hapa Dar wengi uwanja wetu ni mchanga au pevingi, na jeki ya troli inahitaji kutembea. Watu hawalioni hili, mkono wa jeki unapanda kwa kuzunguka kama mlango unavyofunguka, kwahiyo sahani haipandi wima, inasogea pia mbele au nyuma, na ndo maana imewekewa magurudumu, ijisogeze yenyewe chini ya gari. Magurudumu yakizama kwenye mchanga hayatembei, basi sahani inakwaruza na kuvuta gari au inateleza kutoka kwenye ukingo. Nilinunua plaiwudi nene ya milimita 18, nikakata kipande kirefu cha jeki na vipande viwili vya stendi, kwenye mchanga nasawazisha kwanza kwa koleo ndo naweka. Miguu ya stendi ni myembamba, kwenye mchanga au lami ya juani inazama mguu mmoja mmoja na stendi inalala upande. Pevingi angalia kama kuna jiwe linalocheza. Mlima, hata mdogo, mi sinyanyui gari, naisogeza.

Kabari za tairi ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndo kinachosahaulika. Msomaji mmoja ataniambia si nimeweka gia kwenye P na handibreki? Sikiliza. Handibreki kwenye gari nyingi inashika tairi za nyuma tu, ukinyanyua nyuma zimebaki za mbele peke yake. Na P kwenye gari inayovuta mbele inafunga gia boksi, lakini kati ya tairi mbili za mbele kuna difu, zile gia zinazoruhusu kila tairi izunguke kivyake, ukinyanyua tairi moja ya mbele ile iliyobaki chini inaweza kuzunguka na ya juu ikazunguka kinyume chake, P yako ipo na gari inatembea. Kwahiyo ukinyanyua mbele weka kabari mbele na nyuma ya tairi za nyuma, ukinyanyua nyuma weka kwenye za mbele. Kipande cha mbao kilichokatwa pembetatu kinatosha, jiwe la duara halitoshi. Na nati za tairi zilegeze nusu mzunguko gari ikiwa bado chini, usije ukaning'inia kwenye spana na gari iko juu.

Mwendo wangu ukifika pale gari imekaa kwenye stendi ni huu: nasimama pembeni naisukuma kwa mikono miwili kwa nguvu kweli, mbele nyuma, kushoto kulia. Kama itaanguka basi ianguke mimi nikiwa nje. Jeki siiondoi, nairudisha iguse kidogo tu sehemu yake bila kubeba, na tairi niliyoitoa nailaza chini ya kizingiti cha mlango, likitokea la kutokea gari ikalie rimu, pabaki nafasi ya kifua cha mtu. Mke wangu au mtoto mkubwa anajua niko chini ya gari. Hilo halihitaji hela.

Ukifika na jeki mpya nyumbani usiiingize kazini palepale. Kwanza itoe hewa, zinasafirishwa zimelala ovyo na hewa inaingia kwenye mafuta, utaona unapiga pampu haipandi au inapanda kwa kusitasita. Legeza vali ya kushushia, piga pampu mara kadhaa mpaka mwisho bila mzigo, funga, jaribu tena. Alafu nyanyua gari upande mmoja, tairi zote zikiwa zimefungwa na hakuna mtu karibu, pima kwa futi kutoka chini mpaka kwenye ukingo, andika, iache nusu saa, pima tena. Jeki yangu haikusogea. Aliyonunua rafiki yangu duka lingine ilishuka vidole viwili ndani ya muda huo na chini ya silinda palikuwa na jasho la mafuta, akairudisha na risiti wakambadilishia, kwa kulalamika lakini wakambadilishia. Kwahiyo ulizia mapema kabla ya kulipa, ikivuja narudisha ndani ya siku ngapi, na waandike kwenye risiti.

Mafuta yake yakipungua weka mafuta ya haidroliki ya jeki, yanauzwa kwenye vichupa. Usiweke breki fluidi hata kama fundi amesema ni ileile, inavimbisha na kuharibu sili za jeki. Ihifadhi ikiwa imeshuka chini kabisa ili ile nguzo inayong'aa ibaki ndani ya mafuta, huku pwani ikikaa nje mwezi mmoja tu unaona madoa ya kutu, na kutu hiyo ndo inayokuja kukata sili.

Kwa wenye gari tofauti na zangu: Prado na zinazofanana nazo chukua jeki ya tani tatu inayofika juu zaidi ya sentimita 45, au ya chupa chini ya ekseli, na stendi ndefu, hizi fupi hazitafika kwenye chesisi bila kuvutwa mpaka juu kabisa, na stendi iliyovutwa mpaka juu inayumba zaidi. Kama unachofanya ni oil tu na hutoi tairi, rampu mbili za kupandishia gari ni rahisi na zimetulia kuliko haya yote, mradi uwe na mtu wa kukuongoza wakati unapanda na kabari nyuma. Wa Nairobi vitu hivihivi mnavipata Kirinyaga Road, ukaguzi ni uleule.

Jeki ya tani tatu nililipa laki mbili na ishirini, raba na plaiwudi ni hela ndogo. Kabla ya kuchagua uliza pia kama oringi (zile pete za mpira) na sili za modeli hiyo zinapatikana, Gerezani kuna mafundi wanaofungua jeki na kubadilisha sili vizuri tu, lakini modeli isiyo na vipuri watakukatia oringi ya kubahatisha. Na ikirudi kutoka kwa fundi, ipime tena ile ya nusu saa kama vile ndo umeinunua leo.